Darasa la pamoja la mbwa na wenye mbwa mtaani: mwongozo wa wiki sita

Kila anapotokea mtu anayetaka kuwakusanya majirani na mbwa wao wafundishwe pamoja, maswali ni yaleyale. Mbwa wa miaka minne amechelewa? Hajachelewa, ana mazoea ya zamani ya kuachishwa kwanza, basi, mpe muda. Akizoea watu, atalinda tena? Atalinda. Kumbwekea mgeni aliyegusa geti hakufutwi na neno "kaa". Kinachobadilika ni kwamba ukishamtambua mgeni, mbwa ananyamaza ukimwambia. Mnyororo au kamba? Kamba. Mbwa wangapi? Sita, wasizidi, kwa mkufunzi mmoja na msaidizi mmoja.

Mwongozo huu ni wako wewe utakayesimama mbele ya watu hao sita. Tunachukulia kwamba mbwa mmoja unamuweza: anakaa ukimwambia, anakuja ukimwita. Kufundisha sita pamoja ni kazi nyingine kabisa, maana mwanafunzi hasa ni yule aliyeshika kamba. Wiki ina saa 168. Mbwa utakaa naye saa moja. Zile 167 yuko na wenyewe nyumbani.

Jambo moja libebe tangu sasa, kwa sababu ndilo linaloua madarasa mengi: mbwa kuwekwa karibu mno. Mbwa wengi wa kwetu hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa mwenzao wanamjua kwa sauti tu, akibweka ng'ambo ya ukuta. Leo umemleta uwanjani, umemsimamisha mita mbili kutoka kwa mgeni, halafu unamwambia akae. Hawezi. Macho, pua na masikio yake yote yako kwa yule mwenzake, na wewe humo hata kidogo. Huo si ukaidi, na kumpiga hakutamsaidia. Msogeze nyuma mita tatu na utashangaa anavyokumbuka jina lake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwanja. Tambarare, nyasi fupi au udongo mgumu, usiopungua mita 20 kwa 25, wenye kivuli upande mmoja. Uwanja wa shule Jumamosi asubuhi unafaa sana, lakini omba ruhusa kwa mwalimu mkuu na uwajulishe serikali ya mtaa. Kwa Kenya, ofisi ya chifu au msimamizi wa esteti. Pwani na visiwani fikiria pia majirani Waislamu, ambao wengi wao hujikinga na mate ya mbwa kwa sababu ya twahara, yaani usafi wa ibada. Usichague uwanja ulio kwenye njia ya msikitini, na usipange kipindi kigongane na swala ya alasiri au magharibi. Ukitangulia kuzungumza nao, huwa hakuna ugomvi.

Muda. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, anza saa 1:00 asubuhi umalize kabla ya saa 2:30. Mbwa hutoa joto kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakusaidii sana. Arusha, Nairobi au Mbeya mnaweza kuchelewa kidogo. Popote ulipo, bandika mgongo wa kiganja chako ardhini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo zinaungua.

Kila mwenye mbwa aje na:

- Kola bapa inayoingiza vidole viwili kati yake na shingo, wala si zaidi. Mbwa wa kienyeji wengi wana kichwa chembamba na shingo nene, hivyo wakirudi nyuma kola huchomoka. Hao wavae na mkanda wa kifuani, kamba ifungwe kwenye vyote viwili.
- Kamba ya mita 1.5 hadi 2. Kamba ya manila ya milimita 10 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, yenye kulabu ya springi upande mmoja, inatosha. Mnyororo unaumiza mikono, unapiga kelele, na uzito wake unamfanya mbwa ahisi anavutwa hata pale ambapo humvuti. Kamba za kujikunja zenyewe ndani ya kishikio zisiingie uwanjani kabisa.
- Gunia moja tupu lililokunjwa mara mbili, au kipande cha mkeka wa zamani. Hili litakuwa kiti chake kwa wiki zote sita.
- Vipande vya chakula visivyopungua 150, ndani ya mfuko unaofunguka kwa mkono mmoja.
- Bakuli lake mwenyewe la maji na mifuko miwili ya kuzolea kinyesi.

Wengi hukosea kwenye hivyo vipande. Biskuti kavu inamtosha mbwa akiwa sebuleni. Uwanjani penye mbwa watano wengine haina nguvu. Nunua robo kilo ya ini la ng'ombe, lichemshe dakika 10 bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vitunguu vyote viwili huharibu damu ya mbwa. Likipoa likate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kisha vikaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta kwa moto mdogo mpaka visishike vidole. Utapata zaidi ya 200. Changanya na dagaa waliokaushwa bila chumvi, ukiwakata vipande viwili-viwili, kwa sababu ini tupu kwa wingi huharisha. Asubuhi ya darasa mbwa ale nusu tu ya chakula chake cha kawaida.

Wewe mkufunzi beba ndoo mbili za maji, kamba ndefu ya mita 10, kamba ya kuanikia yenye urefu wa mita 12, kanga au shuka nne za zamani, vibanio vya nguo, kiti cha plastiki, na sabuni. Kazi ya kila kimoja itaonekana mbele.

Hatua kwa hatua

1. Kutana na watu, mbwa wabaki nyumbani.

Kikao cha kwanza ni cha watu peke yao, saa moja. Wengi hukiruka, kisha wiki ya kwanza wanajikuta wanapaza sauti juu ya mbwa sita wanaobweka, hakuna anayesikia. Kikao hiki kifanye kazi tatu.

Kwanza, kubalianeni maneno. Chagueni lugha moja na maneno machache: "kaa", "chini", "njoo", "baki", "acha", "twende". Wanaopenda Kiingereza watumie Kiingereza, mradi nyumba nzima itumie hichohicho. Baba akisema "kaa", dada wa kazi akasema "sit" na mlinzi akatumia mluzi, mbwa ana lugha tatu na hajui hata moja. Kila mtu aandike orodha yake kwenye karatasi, nakala moja aibandike jikoni na nyingine kwenye kibanda cha mlinzi.

Pili, fundisha neno la alama. Ni neno moja fupi linalomwambia mbwa kwamba hapo hapo amepatia na kipande kinakuja. "Safi!" linafaa. Kanuni yake: neno kwanza, kisha mkono uende mfukoni, na kipande kifike mdomoni ndani ya sekunde mbili. Wafanyishe mazoezi wawili wawili. Mmoja anadundisha mpira, mwingine anasema "safi" mpira unapogusa ardhi. Utaona wengi wanachelewa, na wengine mkono unatangulia mfukoni kabla ya neno. Rekebisha hapo, kwa mpira, kabla mbwa hajaingia.

Tatu, wape kazi ya wiki moja ya nyumbani: mbwa azoee kola na kamba. Avishwe wakati wa kula, kamba aiburute ndani ya uwanja wa nyumba dakika 10 mtu akimwangalia, mara mbili kwa siku. Mbwa asiyewahi kufungwa kamba hawezi kuivaa kwa mara ya kwanza mbele ya wageni.

2. Kagua kadi za chanjo na uchuje.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Asiye na kadi haingii, hata kama ni mbwa wa mwenyekiti. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu huupata kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Mwenye shida ya gharama aulizie kwa afisa mifugo wa kata. Kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na chanjo ya bure. Ongeza chanjo ya pamoja inayokinga magonjwa ya virusi ya distempa na pavo, na dawa ya minyoo ndani ya miezi mitatu iliyopita.

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, kwa kawaida chini ya wiki 16, asikanyage uwanja wa wazi. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na huwezi kujua mbwa gani wa mtaani alipita jana. Lakini usimwambie mwenyewe asubiri amfungie, kwa sababu umri huohuo ndio bora wa kuzoea watu na sauti. Waandalie hao kundi lao kwenye baraza la saruji lililooshwa kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iachwe dakika 10 na kusuuzwa. Wawe wameshapata angalau chanjo ya kwanza, na zimepita siku saba.

Wanaobaki nje ya kundi: jike aliye kwenye joto la kupandwa, kwa wiki tatu hivi, mbwa anayekohoa, anayeharisha au mwenye upele, na mbwa aliyewahi kung'ata mtu au kumjeruhi mbwa mwingine. Huyu wa mwisho anahitaji mafunzo ya peke yake. Kumwingiza kwa huruma ni kuwaonea wengine watano, na yeye mwenyewe pia. Aina ya mbwa si kigezo. Rottweiler mtulivu anaingia, kijibwa kinachorukia miguu ya watu kinasubiri.

3. Panga uwanja nusu saa kabla.

Tandaza magunia sita kwa umbo la nusu duara, mita 5 kutoka gunia hadi gunia. Ukiwa na nafasi, fanya 6. Pima kwa hatua zako, usikadirie kwa jicho. Wewe simama katikati, ambapo wote wanakuona bila kugeuza mbwa wao.

Sasa funga ile kamba ya kuanikia kati ya miti miwili au nguzo za goli, kwenye kimo cha kiuno, na uanike kanga zote nne zikifika karibu na ardhi. Ukuta huu wa kanga ni wa mbwa mwenye woga au mwenye kubweka sana. Gunia lake liwe nyuma ya ukuta huo. Anasikia wenzake, ananusa, lakini hawaoni, na baada ya dakika 10 hadi 15 mara nyingi anakuwa amepumua vya kutosha kuweza kula. Kila baada ya muda msaidizi anasogeza kanga moja pembeni, kiasi cha upana wa mlango, mbwa atazame, apewe kipande, kanga irudi. Kwa wiki tatu unaondoa kanga moja moja. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi hii vizuri zaidi.

Ndoo moja ya maji iwe kwa ajili ya kunywesha: kila mtu anachota kwa bakuli lake, mbwa wasinywe kwenye chombo kimoja. Ya pili iwe karibu nawe muda wote, pamoja na kile kiti cha plastiki. Hizo ni za ugomvi.

4. Waingize mmoja mmoja.

Dakika 10 za mwanzo ndizo huamua kipindi kitakuwaje. Watu wakifika pamoja getini, mbwa hunusana uso kwa uso huku kamba zimekaza, mmoja ananguruma, na saa nzima iliyobaki ni ya kutuliza. Mpe kila mtu dakika yake: wa kwanza saa 12:50, wa pili 12:52, na kuendelea. Msaidizi asimame getini ahakikishe kola kwa kuivuta taratibu kuelekea masikioni. Ikipita masikio, ikazwe hapo hapo. Aangalie na kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mwenye woga aingie wa kwanza akiwa bado na uwanja peke yake. Mwenye fujo aingie wa mwisho.

Kila mmoja aende moja kwa moja kwenye gunia lake. Hakuna kusalimiana, hakuna "wacha wafahamiane". Kwa wiki sita zote mbwa hawagusani. Wanajifunza kuwa mbwa mwingine yupo na maisha yanaendelea. Ukimruhusu kumchezea kila anayemwona, umemfundisha kuvuta kamba.

5. Wiki ya kwanza: gunia na jina, basi.

Usifundishe "kaa" leo. Mwenye mbwa asimame kwenye ncha ya gunia na kudondosha kipande juu yake kila sekunde tatu, kisha tano, kisha kumi. Mbwa akitoka juu ya gunia, vipande vinakoma, akirudi, vinarudi. Hasemi neno lolote. Baada ya dakika tatu wapumzike dakika mbili, kamba ikiwa imekanyagwa kwa mguu mmoja ili mbwa aweze kusimama lakini asiweze kuruka.

Kisha jina. Taja mara moja tu. Akigeuza shingo, "safi", kipande. Asipogeuka, usirudie: sogea nyuma hatua mbili umbali uongezeke, ujaribu tena. Mtu anayesema "Simba, Simba, Simba, Simba" anamfundisha Simba kwamba jina lake ni kelele kama kelele ya bodaboda.

Hapa ndipo unapowafundisha kipimo cha kipande, ambacho watakitumia siku zote. Mbwa akikataa ini ambalo nyumbani angelirukia, yuko karibu mno na kinachomsumbua. Mrudishe nyuma mita tatu, jaribu tena, mpaka ale. Hapo ndipo darasa lake lilipo leo. Dalili nyingine huja mapema zaidi: analamba pua bila kuwa na chakula, anapiga miayo, anageuza kichwa pembeni. Zikifuatwa na mwili kukakamaa, mdomo kufungwa na macho kukodoa, huna hata sekunde tano; mgeuze uondoke naye.

Wiki ya kwanza iishe kwa dakika 35. Kuanzia ya pili nenda hadi 50, zoezi dakika tatu, mapumziko dakika mbili.

6. Wiki ya pili: "kaa" na "chini".

Kipande kiguse pua, kisha kiinuliwe juu kuelekea katikati ya masikio. Kichwa kikifuata, makalio yanashuka. "Safi" lisemwe makalio yanapogusa gunia. Mbwa akiruka, mkono umepanda mno. Akirudi nyuma badala ya kukaa, mweke ukuta nyuma yake. Neno "kaa" liongezwe baada ya kama mara kumi za kupatia, likitangulia mkono. Kumkandamiza mgongo kunamfundisha kusukuma.

"Chini" hutokea kwenye kukaa: kipande kishuke kutoka puani hadi kati ya miguu ya mbele, kisha kivutwe taratibu mbele juu ya ardhi. Mbwa wenye manyoya mafupi hukataa kulala kwenye kokoto au nyasi zenye umande. Ni gunia linalowasaidia.

7. Wiki ya tatu: kutembea bila kuvuta.

Wiki hii ndiyo ngumu, na watu huchoka. Nusu yao watembee, nusu wabaki kwenye magunia, kisha wabadilishane. Sita wakitembea pamoja ni vurugu. Mbwa awe kushoto, kamba ining'inie kama herufi J. Kipande kitolewe kwenye mshono wa suruali, si mbele, maana mahali anapolishwa ndipo atakapotaka kuwa. Anza na hatua moja, kipande. Hatua mbili, kipande. Tatu. Tano. Kamba ikikaza, simama kimya usiendelee mpaka ilegee, hata kama ni dakika nzima. Kila hatua unayopiga kamba ikiwa imekaza ni malipo kwa mbwa: amevuta, na amefika.

8. Wiki ya nne: kuja akiitwa.

Fanya kwa mbwa mmoja mmoja, wengine wakipumzika. Funga kamba ya mita 10 kwenye mkanda wa kifuani. Ikikaza ghafla kwenye kola inaweza kuumiza shingo. Msaidizi amshike mbwa, mwenyewe arudi nyuma mita 5, aite jina na "njoo" mara moja, achuchumae. Akifika apewe vipande vitano, kimoja kimoja, huku kola ikishikwa taratibu. Kushika kola kuwe sehemu ya malipo, la sivyo atajifunza kufika na kusimama mita moja nje ya mkono wako. Ongeza hadi mita 10 ikiwa amepatia mara tatu mfululizo.

Onyo kwa nyumbani: kwa wiki hizi "njoo" lisitumike kumwita aoshwe, afungiwe bandani au agombezwe. Kwa mambo hayo mfuate alipo, mfunge kamba, mpeleke.

9. Wiki ya tano: "baki", "acha" na kupishana.

"Baki" huongezwa kwa kitu kimoja kwa wakati: ama muda, ama umbali, ama usumbufu. Sekunde 3, 5, 10 ukiwa mbele yake. Ukianza kusogea mbali, rudisha muda kuwa sekunde 3. Na urudi wewe kumlipa alipo, usimwite.

"Acha": kipande ndani ya ngumi, mbwa anusie, alambe, akwaruze. Akirudisha pua nyuma hata kidogo, "safi", na alipwe kwa mkono mwingine. Zoezi hili lipewe muda wa kutosha, kwa sababu mtaani kuna mifupa ya kuku, na wakati mwingine sumu ya panya.

Kupishana: mbwa wawili watembee wakielekeana, lakini kila mmoja kwenye tao lake, mita 8 kati yao, watu wakiwa upande wa ndani na mbwa upande wa nje. Punguza mita moja kila wanapopishana bila kukodoleana macho. Ukifika mita 4 simama hapo kwa leo.

10. Wiki ya sita: toka barabarani.

Gawa kundi, watatu watatu, dakika 25 kila kundi. Chagua njia yenye bodaboda, mbuzi au watoto, lakini simameni mita 15 pembeni. Kila kinapopita kitu, kipande kidondoke, kitu kikiondoka vipande vikome. Halafu "kaa", hatua tano, jina, nyumbani. Mbwa anayeweza kukaa kwa sekunde tano bodaboda ikipita amefanya kazi kubwa.

Makosa yanayojirudia

Kuhama hatua kwa sababu wiki imekwisha. Mbwa akipatia mara nne kati ya tano, songa. Chini ya hapo, rudia. Katika kundi moja wawili wanaweza kuwa bado kwenye zoezi la wiki ya pili na wengine kwenye la nne, na hilo halina tatizo.

Mazoezi ya nyumbani kufanywa mara moja kwa nusu saa. Dakika tatu, mara tatu kwa siku, ndiyo dawa: kabla ya chakula, kabla ya kufunguliwa usiku, na wakati wowote mwingine.

Kuacha kinyesi. Uwanja wa shule hukanyagwa na watoto peku, na vibuu vya minyoo ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu. Kila mtu azoe cha mbwa wake mara moja, na wewe ukague kabla ya kufunga geti.

Kupiga. Mtu akiinua mkono, msimamishe zoezi lake, chukua kamba, onyesha wewe. Mbwa anayepigwa mbele ya mbwa wengine anaunganisha maumivu na anachokitazama wakati huo, yaani wenzake, na wiki ijayo atawangurumia mapema zaidi.

Mambo yakiharibika

Mmoja anabweka bila kukoma. Ongeza umbali kwanza, kisha kanga. Akiendelea dakika tano, msaidizi amtoe nje ya uwanja atembezwe, arudi dakika 10 za mwisho. Usipige kelele juu yake. Kwake ni kama unamsaidia kubweka.

Nyumbani anapatia, uwanjani kasahau. Hajasahau. Rudi hatua moja nyuma na uongeze ubora wa kipande.

Uwanjani anapatia, nyumbani hafanyi. Muulize mwenyewe nani mwingine anampa chakula na anatumia neno gani. Mara nyingi karatasi ya jikoni haipo.

Joto limemzidi: anahema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana na mpana, mate mazito, anayumba. Mpeleke kivulini, mwagie maji mwili mzima kuanzia tumbo na mapaja, mpepee kwa kanga, anywe kidogo kidogo akitaka, na umkimbize kwa daktari wa mifugo huku mkiendelea kumlowesha. Mbwa wenye pua fupi hufikia hapo haraka kuliko wengine.

Wawili wamevaana. Asiingize mtu mkono shingoni. Hapo ndipo watu hung'atwa na mbwa wao wenyewe. Mwaga ndoo ya maji vichwani. Isipotosha, sukuma kiti cha plastiki katikati yao. Ikishindikana, watu wawili kwa wakati mmoja washike miguu ya nyuma, kila mmoja wa mbwa wake, wavute nyuma kwa mzunguko kama wanavuta toroli, wasiachie mpaka mbwa wawe mita 10. Kagueni matundu ya meno chini ya manyoya kwa vidole, kwani jeraha dogo juu linaweza kuwa refu ndani.

Mtu ameng'atwa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ya mbwa imekamilika. Nakala ya kadi aende nayo, na mbwa huyo afungiwe nyumbani siku 10 chini ya macho ya afisa mifugo.